Sahani ya Kumi na Moja

Mali bila daftari hupotea bila habari,
na baba yangu daftari alikuwa nalo:
jalada jeusi, kurasa zimevimba kwa chumvi,
mwandiko umeinama kama mtu anayepanda mlima.
*Julai 1967. Mabomba ya shaba, sita.
Dirisha la duara, moja, kioo kizima.
Sahani, kumi na moja, nembo ya nanga na mbigili.
Meno ya bandia ndani ya glasi. Nimeyaacha.*

Hapa Sainte-Modeste mto ni mpana hata ng'ambo haionekani,
chumvi imo, nyangumi weupe hupita wakienda zao.
Wageni huuita bahari. Sisi twauita mto
tu, kwa ukaidi.
Chini yake, mita arobaini na tatu, imelala Lorandia,
meli ya abiria elfu moja na mia mbili,
iliyoundwa Glasgow, ikapigwa rangi nyeupe mara nne,
ikagongwa na meli ya mbao usiku wa ukungu, Oktoba 1909,
watu wakiwa ndio kwanza wamevua viatu.
Dakika ishirini na mbili. Mshumaa haujafika nusu.

Bibi yake baba, Philomène, alishona sanda zizini
kwa magunia ya unga; magunia yalipokwisha
akateremsha mapazia ya nyumba yake.
Hakuuliza nani daraja la kwanza, nani la tatu.
Maiti wote, alisema, hupimwa kwa uzi uleule.

Nasi, uzao wa mapazia yale,
tulikula kwenye sahani za mabwana.
Ijumaa, supu ya njegere,
nanga ikijitokeza polepole kadiri kijiko kinavyokwangua.
Mtoto asiyemaliza hakuiona nanga.

Baba alikufa Februari. Tulingoja ardhi iyeyuke ndipo tukamzika.
Mwezi Juni nilifunga sahani moja kwa taulo,
nikamwambia Anselme mwenye mashua, twende.
Akauliza, kutafuta nini?
Nikasema, kurudisha.
Akawasha injini bila neno, ila redio aliipunguza.

Maji ya digrii tatu hayana lugha nzuri.
Yanauma meno, kisha yanauma mawazo.
Kamba ya boya inashuka kwenye kijani, kijani kinaingia weusi,
halafu ubavu, kama kilima kilichojilaza.
Sakafu ni ukuta, ukuta ni dari.
Ngazi kuu haipandi tena wala haishuki, inakwenda kando,
kama mtu aliyesahau alilotumwa.
Beseni la kuogea linaning'inia, na ndani yake kaa mmoja
ametulia kama mwenye tikiti.

*Sitaha ya pili, kabati la tatu,* lasema daftari.
Hakuna sitaha ya pili.
Chuma kimechoka, kimeporomoka juu ya kilicho chini yake;
nikigusa, kinamomonyoka kama mkate wa juzi,
wingu la kutu linaimeza tochi yangu.
Mahali pa kurudishia pamekufa pamoja na mwizi.

Hewa imebaki theluthi.
Nikatokea kwenye jeraha lenyewe, pale omo ya meli ile ilipoingilia:
chumba cha tanuri, ambako abiria hawakukanyaga.
Makoleo. Lundo la makaa yasiyopata zamu yake.
Vikombe vya bati vya wachochea moto, vitano,
vimepangwa na mkondo wa maji
au na mtu. Sikujua.
Nikaiweka sahani katikati yao, nanga juu.
Karibuni mezani, nilisema, na neno likawa viputo.

Jumapili mama alipanga meza, akahesabu, akahesabu tena.
Kumi.
Nikasema moja imevunjika.
Mama Rolande hakuinua macho kwenye chungu.
"Hizo zilishazama, mwanangu. Zitavunjikaje?"
Akanipa ya dukani, nyeupe, isiyo na kitu,
nami nikaikwangua supu yangu hadi chini,
kwa mazoea.